Hatari za Mahali Penye Watu Wengi: Mfano wa Kabras

Kabras ni sehemu ya kaskazini ya Kaunti ya Kakamega, katika eneo bunge la Malava. Upande wa mashariki imeegemea magenge ya Nandi. Mto Nzoia unapita pembezoni mwake ukielekea Mumias na hatimaye Budalang'i, na katikati inakatiza barabara kuu ya A1, itokayo Kisumu na Kakamega kwenda Webuye na Kitale. Udongo ni mwekundu, mvua haikosi, na miwa na mahindi hukua bega kwa bega hadi kwenye kuta za nyumba.

Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 1,867,579 katika Kaunti ya Kakamega, wastani wa watu 618 kwa kila kilomita ya mraba, ilhali wastani wa Kenya nzima ulikuwa 82. Kaunti jirani ya Vihiga ilifikisha 1,047. Kwa kipimo hicho, sehemu hii ya magharibi ya Kenya inafanana zaidi na Bangladesh, yenye zaidi ya watu 1,100 kwa kilomita ya mraba, kuliko inavyofanana na Turkana au Marsabit zilizo katika jamhuri hiyo hiyo. Bangladesh imeandikiwa vitabu chungu nzima kuhusu majanga. Kabras haijaandikiwa, na sababu yake inaeleweka: haina bahari ya kuleta vimbunga, haina volkeno, wala haina jiji la mamilioni. Hatari zake huua mtu mmoja hapa, wawili kule, watoto watatu chini ya mti, na habari yake huishia kwenye matanga. Hata hivyo, karibu zote zina mzizi mmoja. Ardhi imegawanywa hadi ikakosa nafasi ya kumtenga mtu na kinachoweza kumdhuru.

Tukio lililoitangaza Kabras nje ya mipaka yake ni la Agosti 2007, katika kijiji cha Khuvasali. Baada ya mvua kubwa, mteremko uliporomoka ukafunika makazi. Majirani walikimbilia pale kufukua waliozikwa, na udongo ukashuka tena juu yao. Waliokufa walizidi 10, na miongoni mwao walikuwemo hao waliokwenda kuokoa. Jambo hilo la mwisho ndilo linalostahili kukumbukwa na kila mtu anayeishi chini ya mlima, kwa sababu huruma ya ujirani humpeleka mtu moja kwa moja mahali ambapo udongo haujamaliza kushuka. Mteremko uliokatika unaacha ukuta mpya juu yake, ukuta usio na kitu cha kuuegemeza, na maji bado yanatiririka ndani yake.

Magenge ya Nandi ni mwinuko uliotokana na ufa wa kale sana wa miamba. Juu ya mwamba limelala tabaka nene la udongo uliotokana na mwamba wenyewe kuoza kwa joto na maji kwa miaka mingi mno. Mvua hupenya udongo huo kwa urahisi, lakini ikifika kwenye mwamba hukwama na kuanza kutambaa kuelekea bondeni, ikilainisha mahali udongo na jiwe vinapokutana. Kinachoshikilia tabaka lote lisiteleze ni mizizi ya miti mikubwa inayopenya hadi kwenye nyufa za mwamba. Mti ukikatwa, mizizi haiozi siku hiyo. Huchukua miaka kadhaa kupoteza nguvu, na katika muda huo mkulima huvuna mahindi yake msimu baada ya msimu, akaona kwamba mlima ni salama na wazee walikuwa wakitishia bure. Maporomoko huja baadaye, pengine wakati aliyekata mti amekwisha kuuza shamba.

Dalili hazikosekani. Nyufa zilizopinda huonekana juu ya mteremko, zikiwa wazi zaidi baada ya kiangazi. Nguzo za ua na miti michanga huinama kuelekea bondeni. Milango iliyokuwa ikifunga vizuri huanza kukwama kwa kuwa nyumba imesogea kidogo. Chemchemi iliyokuwa na maji maangavu hutoa maji ya matope ingawa hakujanyesha, au hukauka ghafla na nyingine kuchipuka mahali pasipotarajiwa. Mwenyeji huziona zote hizi, lakini mara nyingi huzisoma moja moja: mlango ni kazi ya fundi, chemchemi ni kazi ya kamati ya maji, na ufa ni wa kuzibwa kwa jembe.

Sheria ilikwisha kulitambua tatizo hili zamani. Kanuni za matumizi ya ardhi ya kilimo za mwaka 1965 zilikataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35, na kwa ardhi yenye mteremko wa asilimia 12 hadi 35 zilimtaka mkulima ahifadhi udongo kwa matuta na njia nyinginezo. Kanuni hizo zingefuatwa, familia nyingi za kando ya magenge zingekosa pa kulima. Hesabu yake ni nyepesi. Babu aliyekuwa na eka 8 na wana wanne aliwaachia eka 2 kila mmoja, na mwana aliyepata wavulana wanne akawaachia nusu eka. Mjukuu wa mwisho, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye watoto wadogo zaidi, hupewa kipande kilichobaki, nacho kilibaki kwa sababu hakuna aliyekitaka. Ama kipo juu kwenye mawe, ama kipo chini kwenye tope la mto.

Ng'ambo ya Mlima Elgon, nchini Uganda, wilaya ya Bududa imepitia jambo hili kwa kiwango kikubwa zaidi. Tarehe 1 Machi 2010 mteremko wa Nametsi ulizika kijiji na kuua mamia ya watu. Serikali ikawahamishia baadhi ya manusura Kiryandongo, mbali sana na milima, wakapewa ardhi tambarare. Wengine walirudi. Huko hakukuwa na migomba yao, hakukuwa na makaburi ya wazazi, na soko walilolizoea lilikuwa safari ya siku nzima. Yeyote anayependekeza kuwahamisha watu wa magenge ya Nandi kwa amri ya siku moja angefanya vizuri kuuliza kwanza waliorudi Bududa walirudi kwa nini.

Kiryandongo yenyewe, tarehe 28 Juni 2011, ilipata msiba wa namna nyingine. Radi ilipiga Shule ya Msingi ya Runyanya na kuua wanafunzi 18 pamoja na mwalimu wao. Kwa radi, Kabras haihitaji mfano wa mbali. Ukanda wote unaozunguka Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye ngurumo nyingi, na utaratibu wake ni wa saa. Asubuhi jua hupasha ardhi joto, upepo wenye unyevu huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, hukutana na pepo za mashariki karibu na magenge ya Nandi, na hewa hiyo, kwa kukosa pa kwenda, hupanda juu. Kufikia saa nane au saa tisa alasiri mawingu yamesimama meusi. Saa kumi watoto wanatoka shuleni. Ratiba ya shule na ratiba ya radi zinagongana karibu kila siku ya msimu wa mvua, na hakuna wizara iliyowahi kupanga hivyo.

Radi haimuui mtu kwa kumpiga moja kwa moja pekee. Mara nyingi hupiga mti, kisha umeme hutawanyika ardhini kuzunguka shina, ukipungua nguvu kadiri unavyoenda mbali. Mnyama mwenye miguu ya mbele karibu na mti na ya nyuma mbali nao huwa daraja la umeme huo, na ndiyo maana ng'ombe kadhaa hukutwa wamekufa pamoja chini ya mti mmoja bila hata alama ya kuungua. Mtu aliyesimama na miguu iliyotanuka yumo katika hatari ile ile, tena akiwa peku kwenye majani yaliyolowa. Mabati nayo yamesingiziwa mengi. Bati lenyewe haliiti radi. Taabu ni kwamba nyumba ya udongo yenye paa la bati haina waya wala bomba la kuuteremsha umeme hadi ardhini, kwa hiyo umeme hujitafutia njia kupitia ukuta, fremu ya dirisha, au mtu aliyeegemea ukuta.

Kipimo cha mwenyeji asiye na chombo ni masikio yake. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu, hivyo ngurumo inayosikika chini ya sekunde 30 baada ya mmweko imetoka ndani ya kilomita 10, na wingu la radi linaweza kupiga umbali huo bila tone la mvua kuanguka. Mchezo wa mpira husimamishwa hapo, hausubiri mvua. Kuhusu kingaradi, chuma kilichosimikwa juu ya paa bila waya mnene ulioshuka hadi kwenye ardhi yenye unyevu ni pambo tu. Kipo katika shule nyingi kwa sababu mkandarasi alilipwa kwa kukiweka, na hakuna aliyelipwa kukikagua.

Imani ya kwamba radi hutumwa na mtu mwenye kinyongo ingali na nguvu katika sehemu hizi, na haifai kuichekea. Inajibu swali ambalo fizikia hailijibu, yaani kwa nini fulani na si mwenziwe. Madhara yake hutokea pale familia inapotumia juma zima kumtafuta mtumaji, na mti mrefu ulio katikati ya ua ukaachwa na benchi lake pale pale.

Hatari ya maji haina ngurumo wala tope la kushuka, na huenda ndiyo inayofuata hesabu ya ardhi kwa karibu zaidi. Wataalamu wa afya hushauri choo cha shimo kiwe walau mita 30 kutoka kwenye kisima. Katika vituo vya biashara kama Malava, Butali na Chimoi, kama katika miji mingine ya Kenya, ploti ya kawaida ni futi 50 kwa 100, yaani takriban mita 15 kwa 30. Kutoka pembe moja hadi pembe ya pili, kwa mshazari, ni mita 34 hivi. Kwa hiyo mwenye ploti anaweza kutii ushauri kwa sharti moja: achimbe kisima katika pembe hii na choo katika pembe ile, na asijenge kitu kingine kitakachomlazimu kusogeza kimojawapo. Akifaulu, bado kuna jirani. Choo cha jirani kiko nyuma ya ua wa kisima chake, hatua tano tu, na jirani naye ametii ushauri ndani ya ploti yake. Kila mmoja ana haki, na wote wanakunywa maji yale yale ya chini ya ardhi.

Katika msimu wa mvua maji ya ardhini hupanda hadi kwenye mashimo ya vyoo, na homa ya matumbo na kuhara huongezeka. Visima vya Kabras vingi vimechimbwa kwa mkono, midomo yake imefunikwa kwa mbao au kwa bati kuukuu, na kamba ya ndoo hulala chini kwenye matope kabla ya kuteremshwa tena. Ukiondoa mapendekezo makubwa ya mabomba na mitambo, mambo matatu madogo hupunguza sehemu kubwa ya madhara: ukuta wa saruji kuzunguka mdomo wa kisima na sakafu ya kumwaga maji mbali, kamba inayoning'inia, na klorini au kuchemsha kwa maji ya kunywa.

Bangladesh ina funzo hapa, na lina ladha ya nyumbani. Baada ya watafiti wa Dhaka kuonyesha mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba mgonjwa wa kipindupindu anaweza kuokolewa kwa kunywa maji yenye chumvi na sukari, shirika la BRAC lilituma wanawake nyumba kwa nyumba, kuanzia 1980 hadi 1990, wakawafundisha akina mama katika zaidi ya nyumba milioni 12. Hawakugawa pakiti. Walifundisha kuchota chumvi kwa ncha za vidole vitatu, konzi ya sukari guru, na takriban nusu lita ya maji. Malipo ya mwalimu yalitegemea ni akina mama wangapi, wakitembelewa baadaye bila taarifa, waliweza kuutengeneza mchanganyiko sawasawa. Kabras ni nchi ya sukari guru. Sufuria kubwa za kuchemshia maji ya miwa zilikuwa huko kabla ya viwanda vikubwa vya sukari, na bado zipo. Kwa anayetumia sukari nyeupe, kipimo cha nyumbani kinachopendekezwa ni vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote visawazishwe, katika lita moja ya maji safi. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto, kwa hiyo kipimo si cha kukisia.

Nchi hiyo hiyo inatoa onyo pia. Ili kuwaondoa watu kwenye maji machafu ya madimbwi, mamilioni ya visima vya bomba vilizamishwa kuanzia miaka ya 1970, na mwaka 1993 ikagunduliwa kwamba vingi vinatoa maji yenye sumu ya aseniki kutoka kwenye tabaka za chini. Maji maangavu yaliyopokewa kama neema yalikuwa yakiwadhuru watu polepole. Kupima kisima kipya kabla ya kukizindua, popote pale, kungegharimu sehemu ndogo sana ya gharama ya kukichimba.

Malaria inajulikana zaidi, hivyo yatatosha machache. Kakamega imo katika ukanda wa ziwa ambako malaria haikomi mwaka mzima. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa 2015 uliwakuta na vimelea asilimia 27 ya watoto wa miezi 6 hadi miaka 14 katika ukanda huo, na ule wa 2020 asilimia 19, ilhali wastani wa nchi ulishuka kutoka 8 hadi 6. Ni maendeleo, ingawa mtoto mmoja katika kila watano bado ni wengi. Kakamega ilikuwa miongoni mwa kaunti nane ambako chanjo ya kwanza ya malaria ilijaribiwa kuanzia Septemba 2019, kwa dozi nne katika miezi ya 6, 7, 9 na 24. Dozi ya nne ndiyo yenye tabu, kwa sababu mtoto wa miaka miwili anatembea, ana afya, na kliniki imekwisha kusahauliwa.

Mazalio ya mbu nayo yanafuata ardhi. Mbu wa malaria hupenda maji maangavu yaliyotuama juani, na kinachoyatengeneza zaidi Kabras ni kazi za watu. Kuna mashimo ya kufyatulia matofali, yanayochimbwa karibu na nyumba kwa sababu tofali ni zito kubeba. Kuna nyayo za ng'ombe kando ya vijito, na mitaro ya kutoa maji kwenye mashamba ya miwa. Kuna pia mabwawa ya samaki yaliyochimbwa kwa wingi kuanzia 2009 katika mpango wa serikali wa kuchochea uchumi. Bwawa lenye samaki halina neno, maana samaki hula viluwiluwi. Bwawa lililoachwa baada ya chakula cha samaki kupanda bei huwa shamba la mbu lenye baraka za serikali. Kwa upande mwingine, wahudumu wa afya ya jamii wanaopima malaria mlangoni kwa tone la damu na kutoa dawa siku hiyo hiyo wamepunguza ule mwendo wa kusubiri hadi homa ipande usiku, na ni vigumu kutaja mradi mwingine uliotumia fedha kidogo kwa faida kubwa hivyo.

Katika mchana wa kawaida wa msimu wa kuvuna miwa, barabara ya A1 kati ya Malava na Webuye hubeba malori ya mizigo yanayokwenda Kitale na kwingineko, mabasi ya Nairobi, matatu, bodaboda zenye abiria wawili na gunia, punda, watoto wa shule, na matrekta yanayovuta trela mbili za miwa. Miwa hutokeza pembeni na nyuma ya trela kuliko upana wa gari lenyewe. Usiku trela nyingi hazina taa, hazina hata kioo chekundu cha nyuma, na dereva wa gari dogo huona kiza kizito mbele yake, kisha anaona miwa. Mchana hatari ni ya watoto. Trekta linapopanda mlima hupunguza mwendo hadi mwendo wa mtu, na watoto hukimbia nyuma yake kuchomoa miwa. Anayechomoa hutazama muwa wake. Anayemsukuma ili naye achomoe hutazama mgongo wa mwenzake. Hakuna anayetazama gurudumu la trela ya pili.

Nchini Kenya zaidi ya watu 4,000 hufa barabarani kila mwaka, na waendao kwa miguu pamoja na wapanda pikipiki ndio wengi. Pikipiki ziliongezeka sana baada ya serikali kuondoa ushuru wa pikipiki ndogo mwaka 2008. Zimewapa vijana wasio na ardhi kazi, na zimewafikisha wajawazito hospitalini kabla hawajachelewa, kwa hiyo kuzilaani ni rahisi kwa mwenye gari tu. Barabara yenyewe ndiyo iliyojengwa bila kuwafikiria waendeshaji wake, wala wauza ndizi walio kando yake. Soko la barabarani lipo pale kwa sababu ndipo wateja wanaposhuka. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, lori liliacha njia na kuwaparamia wachuuzi na abiria, wakafa watu 52. Mpangilio wa Londiani, makutano, mteremko, stendi na meza za biashara, unapatikana pia katika vituo vya Kabras, tofauti ikiwa ukubwa.

Safari ndefu zina hatari yake. Watu wa sehemu hizi walio Nairobi hurudi nyumbani kwa matanga na kwa sikukuu, aghalabu kwa basi la usiku ili wasipoteze siku ya kazi. Basi lililopinduka Fort Ternan alfajiri ya tarehe 10 Oktoba 2018 na kuua zaidi ya watu 50 lilikuwa likitoka Nairobi kwenda Kakamega. Watu husema ajali haina kinga. Methali hiyo imewapumzisha wengi waliopaswa kujibu maswali.

Wingi wa watu huzaa hatari nyingine ambayo haina chanzo cha asili kabisa, nayo ni msongamano wenyewe. Lori la mafuta lilipopinduka Sachangwan mnamo 31 Januari 2009, watu walikusanyika na mitungi, moto ukalipuka, na zaidi ya 110 wakafa. Habari hiyo ilikwisha kujulikana kote. Hata hivyo, Julai 2021 huko Malanga, Kaunti ya Siaya, jambo lile lile lilitokea na watu wasiopungua 13 wakafa. Umaskini unaelezea sehemu tu. Sehemu nyingine ni idadi ya watu waliomo umbali wa kusikia: penye watu 600 kwa kilomita ya mraba, umati umekamilika kabla polisi hawajapata simu. Mjini Kakamega, tarehe 3 Februari 2020, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega waliokuwa wakitoka madarasani jioni walisukumana kwenye ngazi, na 14 wakafa. Hakukuwa na moto wala tetemeko. Kulikuwa na ghorofa, ngazi nyembamba, na watoto wengi walioachiliwa kwa wakati mmoja. Kuachilia madarasa kwa zamu za dakika tano tano hakuhitaji bajeti.

Nyumba za ghorofa zimeanza kuinuka Malava kama kwingineko. Jengo la Huruma, Nairobi, lililoanguka usiku wa 29 Aprili 2016 na kuua zaidi ya watu 40, lilijengwa kando ya mto. Katika jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh, lililoua watu 1,134 tarehe 24 Aprili 2013, nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa ndani yake iliwaondoa wafanyakazi wake. Washonaji nguo waliamriwa kurudi kazini.

Udongo unaotoka Kabras hauishii Kabras. Mito ya Lusumu na Isiukhu huingia Nzoia, na Nzoia hushuka na tope hadi tambarare za Budalang'i, ambako kitanda cha mto kimeinuka na mafuriko huvunja kingo. Mkulima wa Khuvasali anayelima bila matuta humpelekea wa Budalang'i sehemu ya shamba lake kila mvua, na hakuna ofisi inayowakutanisha hao wawili. Moshi wa kuchoma miwa, kwa upande wake, hupanda mashambani kabla ya mavuno na kuwasumbua wenye pumu, lakini hukoma msimu ukipita.

Kuhusu kuonya, Bangladesh imefika mbali. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Mwaka 1972 serikali na chama cha Msalaba Mwekundu walianzisha mpango wa wanakijiji wa kujitolea, ambao leo ni zaidi ya 70,000, wenye bendera, vipaza sauti na orodha ya nyumba za wazee na walemavu. Vimbunga havijapungua nguvu, lakini vifo sasa huhesabiwa kwa makumi au mamia badala ya malaki. Magharibi mwa Kenya kuna mfano mdogo wa aina yake: wazee wa Nganyi huko Bunyore, wanaojulikana kwa kutabiri mvua kwa upepo, wadudu na miti, waliketi na wataalamu wa idara ya hali ya hewa, wakalinganisha utabiri wao na kutoa tangazo moja kwa wakulima. Faida kubwa haikuwa usahihi peke yake. Tangazo liliaminika kwa sababu lilitoka kwa mtu anayejulikana. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mjini Kakamega nacho kina kitivo kinachofundisha usimamizi wa majanga, hivyo ujuzi upo mwendo wa saa moja kutoka kwenye magenge.

Wajibu wa kisheria umegawanywa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inautaja usimamizi wa majanga upande wa serikali ya kitaifa na upande wa kaunti pia. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inairuhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura, ambayo malipo yake kwa mwaka hayapaswi kuzidi asilimia 2 ya mapato yake yote. Lakini sheria hiyo hiyo inaieleza dharura kuwa hitaji la haraka ambalo halikutarajiwa. Ufa ulioonekana juu ya mteremko kabla ya mvua, ukaripotiwa kwa chifu na kupigwa picha, hauingii katika maana hiyo. Fedha za kuwahamisha walio chini yake hutafutwa katika bajeti ya kawaida, zikishindana na kalavati, zahanati na basari za kila wadi.